Mikoko ya Gazi na afya ya wanaoipanda

Maji yakipwa katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, wapandaji huingia topeni na mafungu ya mbegu za mkoko, zile ndefu za kijani zilizochongoka nchani. Jembe halina kazi hapa. Mbegu huchomekwa wima kwenye tope, mtu akasogea hatua, akainama tena. Tope lenyewe hufika vifundoni, pengine magotini, na kila unyayo hung'olewa kwa nguvu. Aliyefanya kazi hiyo asubuhi nzima haulizwi kama amefanya mazoezi.

Lakini faida ya mwili haiishii kwenye jasho. Tangu 2013, wanakijiji wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha za biashara ya kaboni, yaani malipo ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, hurudi vijijini kwa mambo wanayoyaamua wenyewe, yakiwemo maji safi na shule. Maji safi yakisogea karibu, matumbo ya watoto hupona na shingo za mama zao hupumzika na ndoo.

Kuna faida nyingine, na hii ndiyo naiona kubwa kuliko zote: kuwa na watu. Mwaka 2010, Julianne Holt-Lunstad na wenzake nchini Marekani walichambua tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000. Walikuta kwamba wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai, kwa asilimia 50, kuliko wenye mahusiano dhaifu.

Huku kwetu hilo tunaliona kila siku. Mjane aliye kwenye kikundi cha kupanda mikoko akikosa kuonekana siku ya kazi, jioni mtu yuko mlangoni: "Hodi! Shoga, mbona kimya? Au presha imepanda tena?" Ataulizwa kama amemeza dawa, na pengine atasindikizwa zahanati. Mstaafu aliyezoea kuamkiwa ofisini hupata tena mahali anapongojwa. Kungojwa kunamwamsha mtu kitandani hata siku ambayo moyo hautaki.

Hata hivyo, si kila mradi unaponya. Mahali ambapo wanawake wanachimba na wanaume wanakaa kwenye kamati, au mtu anatoka nyumbani kwa kuogopa faini, kinachobaki ni uchovu juu ya uchovu. Kwenye kupanda mikoko, saa ya kazi hupangwa na bahari, na maji hayangoji mama amalize kuandaa watoto wa shule. Kamati inayojali afya ya wanachama wake huanza hapo: nani atabaki na watoto, nani atapika chai, na wenye mgongo mbovu watapewa kazi gani kitaluni badala ya kuinama topeni.