Kompyuta Hulipa Jina, Haimjui Mtu: Teknohama na Usimamizi wa Watumishi



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumzia visima, alizeti na ada za wanafunzi. Safari hii tunapenda kuwashirikisha jambo lisiloonekana kwenye picha, nalo ni kumbukumbu za watumishi, na jinsi Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (Teknohama) inavyoweza kuzijenga au kuziharibu.

Mlinzi mmoja alifanya kazi miaka 16 katika taasisi moja hapa mkoani Singida, akastaafu akiwa na miaka 60. Alipofuatilia mafao yake NSSF aliambiwa kuwa michango yake ni ya miezi 163. Ili mwanachama apate pensheni ya kila mwezi, anatakiwa awe amechangia miezi isiyopungua 180. Mzee alishangaa, kwani kila mwezi alikatwa. Tulipokaa na majalada tuliona kwamba kwa miezi 29 jina lake liliandikwa tofauti na lile la kwenye kadi yake ya uanachama. Karani mpya alilikosea siku moja, na kompyuta ikalirudia kila mwezi bila kuuliza. Kilichomwokoa ni hati za mishahara ambazo mkewe alizitunza sandukuni. Hata hivyo, marekebisho yalichukua miezi minne ya barua na nauli.

Usimamizi wa rasilimali watu ni nini?

Kwa lugha nyepesi, ni kuajiri mtu anayefaa, kumpa mkataba, kumlipa kwa wakati, kupeleka michango na kodi yake, kumpa likizo, kumpima katika kazi, kumwendeleza kimasomo na kumwaga kwa heshima anapostaafu. Kila hatua inahitaji kumbukumbu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na ayatunze kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Sheria hiyo pia inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Taasisi yenye watumishi 40 ikitegemea daftari moja, ni rahisi mmoja akakosa likizo miaka miwili na mwingine akaenda mara mbili.

Hapo ndipo kompyuta inaposaidia. Kazi ya kukokotoa mishahara iliyochukua siku nne inamalizika kwa asubuhi moja. Mkataba unaokaribia kwisha unaonekana mapema. Mkuu wa taasisi anaweza kujua ana wauguzi wangapi, na wangapi watastaafu katika miaka mitatu ijayo, akapanga mapema nani apelekwe masomoni.

Somo kutoka Serikalini

Mfano mkubwa hapa nchini ni wa Serikali yenyewe. Mwaka 2011 ilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa taarifa za kiutumishi na mishahara ujulikanao kwa kifupi kama HCMIS. Maafisa utumishi wa halmashauri waliweza kuingiza taarifa za watumishi wakiwa katika vituo vyao.

Lakini Machi 2016, Rais John Magufuli alipowaagiza wakuu wa mikoa kusaka watumishi hewa, kufikia Mei mwaka huo walikuwa wamepatikana zaidi ya 10,000. Mfumo ulikuwapo kwa miaka mitano, na majina hayo yalikuwa yakilipwa. Kwa nini? Kwa sababu kompyuta hulipa jina lililomo. Haiwezi kujua kwamba mwalimu amefariki au muuguzi ameacha kazi, mpaka mtu wa kituoni atoe taarifa. Watumishi hewa waligunduliwa kwa kuhesabu watu ana kwa ana na kulinganisha na orodha.

Aprili 2017 Rais alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti, na watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Hapa nguvu ilitokana na kulinganisha kumbukumbu mbili: za mwajiri na za Baraza la Mitihani. Hata hivyo, baadhi ya waliotajwa walikata rufaa na kusafishwa. Orodha ya kompyuta nayo yaweza kumwonea mtu, ndiyo maana lazima kuwe na mlango wa kusikilizwa.

Katika kupima utendaji, Serikali ilitumia OPRAS tangu mwaka 2004. Mfumo huo ulilalamikiwa kwamba fomu zilijazwa mwisho wa mwaka kama desturi tu. Nafasi yake imechukuliwa na PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza kazi zake kwa njia ya kompyuta au simu, na msimamizi huzipitia. Lakini msimamizi asiyezungumza na watu wake hatageuzwa na programu.

Sisi tufanye nini?

Tunashauri kila kamati inayosimamia shule, zahanati au mradi ifanye yafuatayo:

1. Jina la kila mtumishi liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa na kadi ya NSSF, herufi kwa herufi.
2. Anayeandaa orodha ya mishahara asiwe ndiye anayeiidhinisha.
3. Kila robo mwaka, wajumbe wawili wafike kituoni na kuhesabu watumishi kwa macho.
4. Kila mtumishi apewe hati ya mshahara, na ahimizwe kuomba NSSF taarifa ya michango yake walau mara moja kwa mwaka.
5. Nakala ya kumbukumbu itunzwe mahali pengine. Umeme hukatika na kompyuta huharibika.
6. Taarifa za watumishi zifungwe kwa nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatuhusu sote.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Tunashukuru kwa kompyuta mnazotupatia. Lakini katika bajeti, pamoja na bei ya mashine, tukumbuke mafunzo ya karani na siku zake za kuhakiki majalada. Bila hayo, tunanunua njia ya haraka ya kurudia kosa lilelile.

Yule mzee sasa anapokea pensheni yake. Wapo wengine wanaolinda malango yetu usiku huu, na hatujui majina yao yameandikwaje. Tuanze kwa kuyasoma.