Kutumaini na Kutamani

Kiingereza kina maneno mawili, *hope* na *wish*, ambayo wanafunzi wengi huyachanganya. Tazama mfano huu. Mvuvi wa Musoma ameingia Ziwa Viktoria usiku, na dhoruba imevuma. Mwanawe, aliye shuleni Bunda, amwandikia rafiki wa Uingereza. Akiandika, *I hope he has come back*, maana yake, “Natumaini amekwisha rudi”: hana habari, na huenda baba yu salama. Bali akiandika, *I wish he had come back*, maana yake, “Laiti angalirudi”: yaani, hakurudi. Rafiki ataleta rambirambi, na kumbe baba yu hai, aanika nyavu zake pwani!

Basi, kabla ya kuandika, jiulize: Je, jambo hili laweza kuwa kweli? Likiweza, tumia *hope*. Likiwa kinyume cha mambo yalivyo, tumia *wish*, na kitendo kinachofuata kirudishwe nyuma: *I wish I knew* husemwa na asiyejua. Lakini ukimtakia msafiri heri, *I wish you a good journey*, hapo hapana majuto. Ni dua njema tu.