Uokoaji na Tiba ya Majeruhi wa Ajali za Barabarani

Huduma baada ya ajali hujumuisha kazi zote zinazofanyika tangu chombo kinapogonga hadi majeruhi anaporejea kwenye shughuli zake: kumtoa kwenye gari lililobonyea, kumpa huduma ya kwanza, kumfikisha hospitali, kumtibu na kumrudishia nguvu za viungo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Ubovu wa barabara, uchakavu wa magari na mwendo kasi vina sehemu yake. Sehemu nyingine ni ya kile kinachofanyika, au kisichofanyika, baada ya kishindo.

Majeruhi wengi wanaokufa papo hapo au njiani huuliwa na mambo machache: ubongo kuumia, damu kuvuja kwa wingi na njia ya hewa kuziba. Ubongo uliopondeka sana hauna tiba ya kando ya barabara, lakini hayo mengine mara nyingi yanayo. Mtu aliyezimia akiachwa chali, ulimi hurudi nyuma ukaziba koo. Kuinua kidevu chake taratibu, bila kuikunja shingo, kunaweza kumrudishia pumzi. Damu inayofoka pajani hukandamizwa kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia kila mara ili kuchungulia. Kazi hizo hufanywa na mikono iliyofundishwa, hata kama gari la wagonjwa bado liko mbali.

Hapa ndipo misaada mingi kutoka nje inapokosea mlango. Wafadhili hupenda kutoa kitu cha kupigwa picha: magari ya zimamoto yaliyotumika Ulaya, au mitambo ya kukata vyuma. Vifaa hivyo vinahitajika kweli, maana dereva wa lori aliyebanwa na usukani hatolewi kwa kuvutwa mikono. Lakini gari lisilo na fungu la mafuta, vipuri wala fundi aliyelisomea huishia uani likiwa juu ya mawe, na wahudumu wakarudi kutumia nondo na shoka.

Ghana ilianzia kwingine. Wakati ambapo nchi hiyo haikuwa na huduma rasmi ya magari ya wagonjwa, majeruhi walifikishwa hospitali na teksi na magari ya abiria. Watafiti waliwafundisha madereva 335 wa magari ya biashara huduma ya kwanza kwa saa 6 tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa zaidi ya nusu ya waliofuatiliwa walikuwa wameshatoa huduma hiyo tangu wafundishwe. Huduma ya taifa ya magari ya wagonjwa ilianza mwaka 2004, kufuatia maafa ya uwanja wa mpira wa Accra ya mwaka 2001 yaliyoua zaidi ya watu 120, na Januari 2020 serikali ikakabidhi magari 307 kwa mpigo. Watu walitangulia, magari yakafuata.

Tanzania ina kielelezo chake, ingawa si cha ajali. Mpango wa m-mama husafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura: simu hupigwa 115 bila malipo, na pale gari la wagonjwa linapokosekana huitwa dereva wa kawaida aliyeingia mkataba, naye hulipwa. Malipo ya uhakika ndiyo uti wa mgongo wake. Bodaboda na madereva wa daladala wanaobeba majeruhi leo hufanya hivyo kwa hasara ya mafuta, na wakati mwingine kwa hofu ya kudhaniwa kuwa ndio waliogonga.

Hofu hiyo huondolewa kwa sheria, na vivyo hivyo vikwazo vya kupata tiba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Nchini Tanzania, fomu ya polisi ya PF3 imewahi kuwachelewesha majeruhi wengi mlangoni pa hospitali, ilhali kazi yake ni ushahidi wa kesi. Kurekebisha utaratibu wa namna hiyo kunagharimu kidogo kuliko gari moja, na huenda kukaokoa wengi zaidi.

Mafunzo ya wananchi hayana budi kuanza na usalama wa eneo lenyewe. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya 100. Maafa kama hayo yaliikumba Sachangwan, Kenya, Januari 2009. Wengi wa waliokufa hawakuwamo kwenye gari. Kwa hiyo somo la kwanza ni kuzuia umati, kuweka alama mbali pande zote za barabara, kuzima injini na kukataza sigara. Kumgusa majeruhi hufuata.

Hospitali nayo isipokuwa tayari, haraka yote ya barabarani hupotea bure. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Tanzania, ilifungua idara ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yakaanza nchini. Kwa hospitali ndogo, WHO na washirika wake walitoa mwaka 2018 kozi ya msingi inayomfundisha mhudumu kufuata mpangilio mmoja kwa kila mgonjwa: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumvua nguo na kumkagua mwili mzima. Tanzania, Uganda na Zambia zilikuwa miongoni mwa nchi za kuijaribu.

Hata dawa ina saa yake. Utafiti wa CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010 na 2011 baada ya kuhusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kuwa asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu ya kupunguza uvujaji wa damu, huokoa maisha ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia. Baada ya hapo inaweza hata kudhuru. Daktari hawezi kuitumia vizuri kama aliyemleta mgonjwa hajui ajali ilitokea saa ngapi, na ndiyo maana dereva wa bodaboda anayetaja saa naye yumo katika tiba.

Makubaliano ya msaada yanayotaja idadi ya magari bila kutaja mishahara ya wahudumu, damu salama, mafuta na mafunzo ya watu wa kando ya barabara hayajakamilika, na nchi inayosaidiwa ina haki ya kuyarudisha mezani kabla ya kutia saini.