Mashine za Kale za Kufyonza Vumbi, na Jinsi Zinavyotambuliwa



Katika mazungumzo haya nataka kuwaeleza kazi moja ambayo watu wachache huijua, nayo ni kazi ya kukitambua chombo cha kale kisicho na jina. Chombo nilichokichagua kuwa mfano wetu ni mashine ya kufyonza vumbi. Huenda mtu akacheka na kuuliza, "Je, ufagio wa mashine nao wastahili kuwekwa katika nyumba ya makumbusho, pamoja na mataji ya wafalme?" Nami namjibu kwamba wastahili sana. Taji lilivaliwa na mtu mmoja, lakini vumbi lilifagiwa katika kila nyumba. Na mwenye kutaka kujua watu wa kawaida waliishije, hana budi kuvitazama vyombo walivyovishika kila siku.

Kwanza na tufahamu mashine hii yafanya kazi namna gani. Ndani yake mna feni, au pampu, au mivukuto kama ile ya mhunzi. Kitu hicho huitoa hewa iliyomo ndani, na hewa ya nje hukimbilia kuingia mahali pake kwa kupitia mdomo wa mashine, ikichukua vumbi pamoja nayo. Kisha hewa hupita katika mfuko wa nguo: hewa hutoka, vumbi hubaki. Hayo ndiyo yote. Tofauti iliyopo kati ya mashine na mashine ni jinsi hewa inavyovutwa, na nguvu inayoivuta.

Watu wengi hupenda kusema kwamba mashine hii ilivumbuliwa na mtu fulani mmoja. Sivyo. Katika mwaka 1860 Daniel Hess, wa jimbo la Iowa huko Marekani, alipewa hati ya uvumbuzi kwa ajili ya chombo cha kufagia mazulia chenye mivukuto. Mwaka 1869 Ives McGaffey wa Chicago alipata hati yake kwa mashine ya mbao na turubai iliyoitwa Whirlwind; mtumiaji aliisukuma kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukizungusha feni. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na mashine hizo zilizobaki leo ni chache mno.

Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alitazama mjini London mashine iliyokuwa ikipuliza vumbi badala ya kulivuta, nalo likatimka na kurudi pale pale. Inasimuliwa kwamba baadaye, akiwa katika hoteli ya chakula, aliweka leso juu ya kiti, akatia mdomo, akafyonza kwa nguvu. Nusura apaliwe, lakini alipoigeuza leso akaona upande wa chini umejaa uchafu. Basi akatengeneza mashine kubwa yenye injini ya petroli, ikakokotwa barabarani na farasi, na mipira yake mirefu ikaingizwa nyumbani kwa madirishani. Mwaka 1902 mashine zake zilisafisha zulia la kanisa la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba.

Halafu akaja James Murray Spangler, mfagiaji wa duka kubwa katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, ambaye vumbi lilimsumbua kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa pumu. Yeye aliunganisha mota ya feni ya umeme, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akapata mashine ambayo mtu mmoja aweza kuisukuma peke yake. Alipewa hati yake mwaka 1908, na uvumbuzi huo ukanunuliwa na William Hoover, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtengenezaji wa vitu vya ngozi.

Mwaona basi kwamba kila mmoja alileta jambo lake. Kwa hiyo mtunzaji wa makumbusho na ajihadhari sana na maneno "ya kwanza duniani" anapoandika kibandiko. Na aseme: ya kwanza katika jambo gani?

Sasa, kwa nini mashine hizi zimekuwa adimu? Sababu ni kwamba hakuna aliyeziona kuwa ni mali. Umeme ulipofika nyumbani, mashine ya mkono ilitupwa. Tena katika Julai 1940, wakati wa vita, serikali ya Uingereza iliwaomba watu watoe vyombo vya alumini ili madini yake yatengenezewe ndege. Na katika orodha ya vitu vilivyotajwa, pamoja na sufuria na birika, zilikuwamo mashine za kufyonza vumbi.

Na tuseme kwamba moja imeokoka, nayo imeletwa leo mezani kwa mtunzaji. Afanye nini?

Jambo la kwanza ni kuizuia mikono yake. Asiifute, asiing'arishe, wala asiipake rangi. Herufi za dhahabu zilizofifia huweza kufutika kwa kitambaa kimoja chenye maji, na jina la mtengenezaji likapotea milele. Hata vumbi lililomo mfukoni ni ushahidi. Wala asithubutu kuiunganisha na umeme ili aone kama yangali hai, maana mpira uliofunika nyaya umekauka na kupasuka, na umeme waweza kuua au kuunguza nyumba. Tena nyaya nyingine za kale zilifunikwa kwa asibesto, ambayo unga wake ni hatari kwa mapafu.

Jambo la pili ni kuuliza: hewa yavutwa na nini? Kama ni mivukuto iliyokanyagwa kwa miguu, au pampu iliyovutwa kwa mkono, hii ni ya jamaa moja. Kama ni feni ya umeme, ni ya jamaa nyingine. Walakini asiseme kwamba ya mkono lazima iwe kuukuu kuliko ya umeme. Nyumba nyingi zilikaa miaka mingi bila umeme, na mashine za mkono ziliendelea kuuzwa wakati zile za umeme zipo madukani.

Jambo la tatu ni kukitafuta kibati cha chuma, na hapa ndipo penye mtego. Aghalabu juu yake pana namba ya hati ya uvumbuzi. Lakini namba haina maana mpaka ijulikane ni ya nchi gani. Marekani, namba zilifuatana mfululizo, na namba 1,000,000 ilifikiwa Agosti 1911. Kwa hiyo namba ya Kimarekani yenye tarakimu sita ni ya kabla ya hapo. Uingereza mambo yalikuwa kinyume. Hadi mwisho wa 1915 walianza kuhesabu upya kila mwaka, hivyo hati ya Booth huandikwa namba 17,433 ya mwaka 1901. Mwaka 1916 ndipo walipoanza mfululizo mmoja, kuanzia 100,001. Basi hati ya Spangler, namba 889,823, ni ya 1908. Lakini namba hiyo hiyo ingekuwa ya Kiingereza, ingekuwa ya miaka ya 1960. Tarakimu ni zile zile, na kati yake pana zaidi ya miaka hamsini!

Na kama kibati cha Kimarekani kina tarehe bila namba, iko hila ndogo ya kuijaribu. Katika miaka hiyo hati za Marekani zilitolewa siku ya Jumanne. Tarehe 8 Juni 1869, siku ya McGaffey, ilikuwa Jumanne. Na 2 Juni 1908, siku ya Spangler, Jumanne vile vile. Mtunzaji akisoma tarehe iliyoliwa na kutu, kisha akaona kwamba yaangukia Ijumaa, na asafishe miwani yake asome tena.

Jambo la nne ni kuitazama ncha ya waya. Zamani nyumba nyingi zilikuwa na umeme wa taa tu, na mashine ziliunganishwa katika holda ya taa. Kichwa cha kuzungushwa kama skrubu chaelekeza Marekani au bara la Ulaya; kichwa chenye vijiti viwili vya pembeni, kinachosukumwa na kupindwa kidogo, chaelekeza Uingereza. Kadhalika volti zilizoandikwa: karibu 110 ni dalili ya Marekani, kati ya 200 na 250 ni dalili ya Uingereza. Na kama pana sehemu ya bakelaiti, yaani ile plastiki nyeusi na ngumu, na akumbuke kwamba Leo Baekeland aliitangaza mwaka 1909. Lakini mpini na waya hubadilishwa zikivunjika. Dalili moja si hukumu.

Jambo la tano ni karatasi. Siku hizi michoro ya hati za Marekani na Uingereza yaweza kusomwa kwa intaneti. Na aulinganishe mchoro na chombo, skrubu kwa skrubu. Kisha atafute matangazo ya magazeti na orodha za bei za miaka ile. Maana hati huonyesha mvumbuzi alifikiri nini, bali tangazo huonyesha kitu gani kiliuzwa, kwa bei gani, na kwa nani.

Na tuchukue mfano wa kubuni. Bibi mmoja wa Uingereza ameleta sanduku lenye mivukuto, naye asema kwamba nyanya yake alilitumia mwaka 1890. Kibati kina namba ya Kiingereza yenye tarakimu sita. Basi hati ni ya 1916 au baadaye, na sanduku haliwezi kuwa la 1890. Je, bibi amesema uongo? La. Yamkini nyanya yake alilitumia kweli, ila miaka thelathini baadaye, na masimulizi yakaongeza umri, kama ilivyo desturi ya masimulizi. Mtunzaji mwema huandika yote mawili: "Kibati chaonyesha hivi, jamaa wasimulia vile." Akiandika moja tu, amempokonya atakayekuja baadaye nafasi ya kumsahihisha.

Hekima hii si ya mashine za vumbi peke yake. Hata cherehani ya Singer iliyo barazani kwa fundi ina namba yake, na tangu 1900 namba hizo zilitanguliwa na herufi. Zikilinganishwa na daftari za kampuni, huonyesha mwaka, na kama ilitoka Clydebank huko Scotland, katika kiwanda kilichofungwa 1980, au mahali pengine. Basi ukirithi chombo cha wazee, kabla hujakisugua kikang'aa, chukua karatasi uandike namba yake, na jina la aliyekuwa nacho, na maneno aliyokuambia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.