Ewaso Ng'iro: Maji ya Februari ni ya Nani?

Mwezi wa Februari, mto Ewaso Ng'iro Kaskazini hautegemei mvua. Vuli imepita, masika bado. Maji yanayopita Archers Post, sehemu ya chini ya mto, wakati huo, kama yapo, ni yale yaliyozama ardhini miezi mingi nyuma katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, kisha yakachuruzika polepole kupitia chemchemi na kingo za vijito. Hayo ndiyo wanayoyategemea wafugaji wa Samburu na Isiolo, mifugo yao na wanyama wa mbuga zilizo kando ya mto. Na ndiyo ambayo, katika miongo ya karibuni, mara nyingi hayawafikii.

Huko juu, mito ya Naro Moru, Burguret, Nanyuki na Timau hushuka mlimani na kuingia nyanda kavu za Laikipia. Tangu miaka ya 1990 mashamba ya maua na mboga za kuuzwa Ulaya yameongezeka sana hapo, pamoja na mashamba madogo ya familia zilizonunua vipande vya ranchi za zamani. Mwenye vivungulio na mwenye nusu ekari ya vitunguu wote huhitaji maji katika majuma yale yale ya ukame. Simlaumu mwenye vitunguu. Karo ya watoto wake hutoka hapo. Lakini jumla ya mabomba hayo, yenye vibali na yasiyo navyo, ndiyo inayoukata mto.

Sheria haikulisahau jambo hili. Kanuni za usimamizi wa maji za 2007 zilitaka kiasi fulani kibaki mtoni daima, kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na uhai wa mto wenyewe, na Sheria ya Maji ya 2016 imeendelea kuitambua akiba hiyo. Kanuni hizo pia zilimtaka mwenye kumwagilia awe na hifadhi ya maji ya siku 90. Maana yake ni kwamba avune maji ya mafuriko, mto unapokuwa na ziada, ayaweke kwenye bwawa la shambani, na kiangazi kikikaza azime pampu iliyo mtoni. Kwangu mimi hili ndilo sharti lenye manufaa kuliko yote. Lita moja ya Aprili, mto umejaa, haimwumizi mtu. Lita hiyo hiyo ya Februari huenda ni ya ng'ombe wa mtu aliye mbali sana chini. Tatizo ni gharama: kuchimba bwawa na kulitandika plastiki ni mzigo mkubwa kwa mkulima mdogo, na bila mkopo nafuu au bwawa la pamoja, sharti hilo litatimizwa na matajiri tu.

Mto ukipungua, wengi hukimbilia visima, kana kwamba wamepata maji mapya. Sivyo. Kisima kilichochimbwa karibu na mto huyadaka maji yaliyokuwa njiani kuelekea mtoni. Kikipigwa pampu kwa nguvu, huweza hata kuyavuta ya mtoni yarudi ardhini. Kilicho mbali zaidi hufanya vivyo hivyo kwa kuchelewa, pengine miaka, na kwa hiyo ni vigumu kumwona mhusika. Ni akaunti moja yenye milango miwili, na kumfungia mtu mlango mmoja huku ukimwachia wa pili hakuokoi kitu.

Jumuiya za watumiaji maji zimeonyesha kwamba watu wanaweza kukubaliana. Wa juu na wa chini huketi pamoja, hupanga zamu za kuchota na huenda kukagua mabomba. Kwenye mto Ngusishi, upande wa Timau, wakulima wamechotea maji mahali pa pamoja, na hivyo kipimo kikawa rahisi. Lakini jumuiya hizi huuhesabu zaidi mto unaoonekana, si maji ya visima.

Mamlaka ya Rasilimali za Maji inapaswa kutangaza, mto kwa mto, jumla ya maji iliyoyagawa kwa vibali, ya mtoni na ya visima katika daftari moja, pamoja na kipimo cha Archers Post kila juma la kiangazi. Na asiye na mita, awe mkubwa au mdogo, asiongezewe kibali.