Bembea ya Kuanguka: Inafanyaje Kazi?

Ni nani kati yetu hakucheza bembea utotoni? Kamba ilifungwa kwenye tawi la mwembe. Mmoja alikaa, mwenzake akamsukuma. Aliposhuka alihisi kama tumbo lake limebaki juu. Alipiga kelele, kisha akaomba asukumwe tena.

Huko Marekani mchezo huu umekuwa biashara kubwa. Katika mji wa Kissimmee, jimbo la Florida, imejengwa bembea yenye kimo cha mita 91. Hiyo ni kama minazi mitatu mirefu, mmoja ukisimama juu ya mwingine. Watu hulipa fedha ili waogopeshwe!

HUPANDAJE?

Mchezaji huvalishwa vazi gumu lenye mikanda. Hulala kifudifudi kama ndege anayeruka. Anaweza kupanda peke yake, au wakapanda wawili au watatu pamoja. Vazi hilo huning'inia kwenye nyaya za chuma zilizofungwa juu ya nguzo kubwa. Waya mwingine, unaovutwa na mashine, huwavuta kinyumenyume mpaka juu ya mnara. Hapo mmoja wao huvuta kikamba. Waya uliowapandisha huachia, nao huanguka.

KWA NINI TUMBO HUPANDA?

Dunia huvuta vitu vyote. Embe likianguka kwa sekunde 1, hushuka kama mita 5. Kwa sekunde 2 hushuka mita 20. Kwa sekunde 3 hushuka mita 45. Kumbe kitu kinachoanguka huzidi kwenda mbio kila sekunde.

Ukisimama, ardhi inakubeba, na mwili wako unabeba matumbo yako. Ukianguka, wewe na matumbo yako mnashuka kwa mwendo mmoja. Hakuna kinachombeba mwenzake. Ndiyo maana unajiona huna uzito.

Lakini mchezaji wa bembea hafiki ardhini. Nyaya zinakaza na kumgeuza njia. Badala ya kwenda chini, anakwenda mbele, kisha juu. Atakwenda na kurudi mara nyingi. Upepo humpunguzia mwendo, na kila mara hupanda chini kidogo kuliko mara ya kwanza. Mwisho mfanyakazi humnyoshea kitanzi akishike, naye husimama.

UZITO MARA TATU

Hapa tuwe waangalifu. Wengi hudhani kwamba kamba inayobeba kilo 60 inatosha kumbembeza mtu wa kilo 60. Sivyo. Mtu huyo akianza kushuka wakati kamba imenyoka na kulala sawa na ardhi, akifika chini kabisa kamba hubeba kama kilo 180. Ni mara tatu ya uzito wake! Kwa hiyo wajenzi wa bembea hizo hutumia nyaya zenye nguvu nyingi kupita uzito wa wachezaji. Tena huweka zaidi ya waya mmoja, ili mmoja ukikatika mwingine ushike.

UZEMBE HUUA

Mashine nzuri bila uangalizi ni hatari. Mwezi Machi 2022, katika mji wa Orlando, Florida, kijana wa miaka 14 alipanda mnara wa kudondosha watu wenye kimo cha mita 131. Mnara huo ni ndugu wa bembea hii. Kijana alikuwa na uzito kupita kiasi kilichoruhusiwa. Kiti hakikuwa na mkanda, kilikuwa na kizuizi cha kushusha mabegani tu. Wachunguzi waligundua kwamba kifaa cha kupima kama kizuizi kimefunga vizuri kilikuwa kimelegezwa. Taa ya ruhusa ikawaka, ingawa kizuizi hakikumbana kijana vya kutosha. Mnara uliposhuka na kufunga breki, alichomoka akaanguka, akafa. Mwaka 2023 mnara huo ulianza kubomolewa.

NA BEMBEA ZETU JE?

Mimi ni Bwana Shamba. Siku moja nilikuwa nikikagua pamba katika kijiji kimoja. Nikasikia kilio chini ya mwembe. Kamba ya bembea ilikuwa imekatika, na mtoto amevunjika mkono. Tulimpeleka zahanati kwa baiskeli. Niliporudi niliitazama kamba ile. Ilikuwa kamba kuukuu ya kufungia ng'ombe. Mahali ilipokuwa ikisuguana na tawi, ilikuwa imebaki nyuzi chache tu. Wazazi tulipita hapo kila siku, na hakuna aliyeinua macho.

Wazazi, tufanye hivi:

1. Tufunge bembea kwenye tawi bichi na nene, si tawi kavu.
2. Tutumie kamba nzima na nene. Tukumbuke uzito mara tatu.
3. Tuzungushie gunia mahali kamba inapogusa tawi, isisuguliwe.
4. Tukague kamba kila wiki, hasa baada ya mvua. Ikichakaa, tuikate tusiitumie tena.
5. Tuondoe mawe na visiki chini ya bembea, tuweke mchanga.

Watoto wana haki ya kucheza na kufurahi. Kazi yetu ni kuangalia kamba. Jioni ya leo, kabla ya kwenda nyumbani, pita chini ya mwembe uinue macho.