NANI ALIANZA MJI WA KISANGANI?



Juzi, wakati wa kujisomea mangaribi, neno moja lilileta kelele katika kilasi. Mwenzetu alikuwa akisoma daftari yake kwa sauti: "Mji wa Kisangani ulianzishwa na Stanley mwaka wa 1883." Mwingine, ambaye mama yake ni wa kabila la Wagenia, akasimama na kuuliza: "Na babu zetu walikuwa wapi? Ndani ya maji pamoja na samaki?" Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Sisi wakubwa wa wanafunzi tuliamuru wote wanyamaze. Kisha tukaona kwamba amri si jibu. Ndiyo maana tunaandika.

Kwanza tutazame Ulaya. Paris uko kando ya mto Seine. Wengi wanasema Warumi ndio waliujenga. Ni kweli nusu tu. Askari wa Roma walishika pahali pale mwaka wa 52 mbele ya Kristo, wakajenga barabara, soko na nyumba za kuogea. Katika vitabu vyao mji uliitwa Lutetia. Lakini waliwakuta wenyeji, kabila la Parisii, watu wenye feza zao wenyewe za zahabu. Nyuma ya miaka mingi jina la Lutetia liliachwa, na jina la kabila likabaki mpaka leo. Kule Köln, kando ya mto Rhine, ikawa namna ingine. Mwaka wa 50 nyuma ya Kristo, Warumi walipandisha makao ya pale kuwa mji wa cheo, "colonia". Neno hilo la wageni ndilo lililobaki: Köln.

Sasa turudi kwetu. Juu ya Kisangani mto unaanguka mara saba, toka Ubundu, mwendo wa kilometa 100 hivi. Pale ndipo Wagenia wanasimamisha miti mikubwa ndani ya maji makali na kufunga vikapu vya kukamata samaki. Stanley alipopita mwezi wa kwanza wa 1877, aliwakuta watu wa mto wakiishi pale. Alirudi na mashua za moshi, na tarehe 1 Desemba 1883 akaweka kituo, akamwacha fundi wa mashini mmoja, Binnie, pamoja na watu wachache. Basi Stanley alianza kituo. Hakuanza watu.

Wafanyabiashara waliotoka Zanzibar nao walikuwa wamefika, wakitafuta pembe za tembo na kukamata watu utumwa. Mwaka wa 1886 walipigana na kituo, nacho kikaungua. Mwaka wa 1887 mkubwa wao, Tippu Tip, akafanywa liwali wa pale kwa jina la mfalme Leopold II. Mji ukaitwa Stanleyville mpaka 1966, ndipo ukapata jina la Kisangani.

Lakini kwa nini mji ukue pale na si pengine? Jibu ni maji. Mashua kubwa toka Kinshasa inapanda mto karibu kilometa 1,700, kisha maporomoko yanaizuia. Mizigo inapashwa kushuka. Mwaka wa 1906 njia ya treni ilifika Ubundu, ili mizigo izunguke maporomoko. Na pahali mizigo inaposhuka, kunatokea gala, soko, ofisi, na watu wa kila kabila. Warumi walifuata akili hiyohiyo kule London: walijenga pahali ambapo mto Thames uliweza kupata daraja na mashua za bahari ziliweza kufika.

Kuna jambo lingine. Kilatini kilikuja Ufaransa pamoja na askari wa Roma, kikageuka kuwa Kifaransa cha vitabu vyetu. Kiswahili nacho kilikuja huku pamoja na wale wafanyabiashara. Kumbe luga mbili tunazosoma nazo zilitembea njia ya mateso, lakini leo ni zetu kabisa!

Basi tunajibu namna hii. Mwenye daftari hakudanganya, lakini aliacha nusu. Aongeze neno moja: "Stanley aliweka kituo pahali ambapo Wagenia walikuwa wakiishi." Mwenye kuuliza alikuwa na haki.

Lakini tuangalie, ndugu. Sisi watu wa Ituri tunajua namna gani maneno "mwenyeji" na "mgeni" yalileta machozi na makaburi hapa Bunia. Kujua nani alifika kwanza ni kazi ya historia, ili mtu asifutwe katika kitabu. Si fimbo ya kumfukuza jirani. Mji unaanzishwa na wale waliotangulia, nao unaendelea kuanzishwa na kila mtu anayejenga ndani yake.

Na yule ndugu aliyeuliza, tunamwomba msamaha kwa kicheko kile.